Sarafu Iliyong'arishwa kwa Majivu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke. Hapa Nam Định manyunyu ni yale yale, na Mama bado anaugombeza mto wako kitandani.

Ulitengeneza pampu za maji, lakini moyo wako ulikuwa kwenye sarafu za fedha za enzi za Wafaransa, zile zenye mwanamke aliyeketi na miale kichwani. Kabla ya kununua sarafu uliipuliza ukingoni, ukaiweka sikioni usikie kama ni fedha halisi inayolia. Hata hivyo sokoni walikuuzia za bandia, ukazitunza. "Hii ndiyo karo yangu," ukasema.

Safu yako ya sarafu ilikosa ya mwaka mmoja tu. Bwana Khoát wa Hải Phòng alikuwa na sarafu ya mwaka huo, akakubali kubadilishana na ile yako nzuri kuliko zote, ambayo hukuwahi kuigusa usoni. Angekuja Jumapili.

Ijumaa akaingia jirani yetu Lịch, mwanawe mgongoni, homa inamchoma.

"Baba mkubwa, yai nimeshachemsha. Sina sarafu ya fedha ya kufunga nalo kitambaani, nimsugue mwilini homa itoke."

Zako kuukuu zote zilikuwa nje, kwenye homa za watu. Mama akakutazama. Ukaitoa ile ya kubadilishana.

"Irudi na mtoto mzima," ukasema.

Mtoto akapoa. Sarafu ikatoka nyeusi kama kawaida, na Lịch kwa adabu zake akaisugua kwa majivu mpaka uso wa yule mwanamke ukalainika.

"Nimekung'arishia, baba mkubwa. Mpya kabisa."

"Naona. Mimi nisingeweza."

Jumapili Khoát aliitupia jicho moja. "Nani kafanya haya?"

"Mimi."

"Mzee mzima, hujui sarafu haisuguliwi?"

"Nimejua leo."

Akaondoka na yake. Lịch alikuwa mlangoni na sahani ya vitumbua vya mgeni, hakuelewa kitu, nawe hukumwambia hadi unazikwa. Lịch, ukisoma kumbukumbu hii usije kutulilia. Baba mwenyewe alicheka.

Leo asubuhi tulitaka kuiweka sarafu hiyo kwenye madhabahu ya wahenga hapa nyumbani, kando ya picha yako na kuku wa karamu. Haikuwepo. Iko kwa fundi baiskeli, mtoto wake ana homa. Huân akataka kuifuata. "Kaa chini," Mama akamwambia. "Baba yako hana haraka."

Tunaokukumbuka ni mkeo Nhàn, wanao Huân na Mừng, na wajukuu. Hatutakusahau, Mzee Quách Văn Thuyên, maisha yetu yote.