Mama amelipa nisichodaiwa

Ndugu yangu, nimetoka ofisi ya posho. Nimechoka, hata hasira sina.

Si wanadai walinizidishia posho ya wasio na kazi, eti niirudishe? Nikakata rufaa, nikaapa sihamii ng'ambo nikiitwa mwizi. Leo nimeenda kifua mbele kuuliza imefikia wapi. Yule dada wa dirishani akaniangalia kwa huruma. "Kaka, rufaa imefungwa. Umeshaanza kulipa, na anayelipa amekubali deni."

Nikamwambia sijalipa hata senti. Akageuza kompyuta nione jina la mlipaji.

Mama. Mama yangu mzazi.

Halafu akaninong'oneza kwamba wakubwa wake walishaona kosa ni lao. Kosa ni lao, bwana.

Nyumbani nimemkuta mama anakunja mashati yangu. "Nakujua ubishi wako, mwanangu. Wangekuzuia uwanja wa ndege mbele za watu. Sasa nenda, hakuna wa kukugusa."

Nilikuja na maneno mengi. Nimekaa kitandani, nikasema, "Asante, mama." Akaendelea kukunja huku anaimba, na unajua mama haimbi siku hizi.

Kesho ukija kunibebea mabegi, usitaje rufaa. Mwambie tu amefanya vizuri.