Bendera Kwenye Antena

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Gari limefika! Lile la meneja Mgiriki, lililolala gereji tangu shamba la mkonge litaifishwe. Sasa meneja ni mume wangu, Baba Asnath, basi eti lazima litembee. Kinachomtia wazimu si injini — ni antena! Ukiwasha redio inapanda yenyewe, ukizima inashuka. Baba Asnath kaipandisha na kuishusha jioni nzima mbele ya vibarua, anachekelea. Mtu mzima na mvi zake!

Jumatano, 7 Agosti
Antena imegoma katikati. Inalia krrr tu. Na kwa nini isigome? Kaipaka grisi ya magurudumu, vumbi la Same likaganda humo. Halafu akaivuta kwa mkono!

Method, dereva wetu, kaifungua. Nilisimama kuangalia, maana katika nyumba hii sina la kunifurahisha. Kumbe ndani ya bodi kuna mota ndogo. Inasukuma uzi mgumu wa plastiki wenye meno, na uzi ndio unaopandisha vile vipande vya chuma. Tukavisafisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha tone la mafuta ya cherehani — yangu! — tukafuta tena. Grisi mwiko, kasema Method. Na kile kibomba cha chini kisizibe, maji ya mvua za milimani yatoke, la sivyo mota itaoza. Baba Asnath kasema hayo yote anayajua. Anayajua wapi!

Ijumaa, 9 Agosti
Kesho wageni wa mkoa wanazindua kijiji cha Ujamaa hapo chini. Magari yao yana vijiti vya bendera. Letu halina. Basi bendera ya Chama itafungwa kwenye antena, iwe juu kuliko zote! Method kamwambia, mzee, redio ikizimwa itashuka na bendera. Jibu: basi isizimwe! Ndiyo akili inayoendesha shamba zima hiyo.

Jumamosi, 10 Agosti
Mungu wangu. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti ndogo, bendera juu, Baba Asnath kasimama kando ya gari anahutubia. Anawaambia akina mama waache uvivu. Uvivu! Yeye ambaye hajawahi kujichotea hata maji ya kunawa. Mimi nimeketi kiti cha mbele, jua linaniunguza. Nikazima. Ndiyo, mimi! Nilitaka imshukie kidogo tu, watu wacheke, anyamaze.

Ikashuka. Ikafika mwisho, ikaanza kuimeza bendera! Mota inavuta, kitambaa kinajikunja, kinachanika, nusu ikabaki inaning'inia kama kamasi za mtoto. Hakucheka mtu. Mgeni mkubwa akauliza nani kaidharau bendera. Baba Asnath hakusita: dereva! Method alikuwa kasimama nje, mlango wa usukani uko wazi. Aliuona mkono wangu. Alinitazama, akatazama chini. Polisi wakamchukua.

Jumatatu, 12 Agosti
Method bado yuko rumande Same. Mkewe Jenoveva kaja, mtoto mgongoni. Shikamoo mama, naomba umsemee mume wangu kwa mzee. Nikampa unga. Unga! Leo najidharau kuliko ninavyomdharau yule mwanamume.

Nikamwambia Baba Asnath ukweli. Hakushangaa hata kidogo! Kasema ninyamaze, je, nataka yeye afukuzwe kazi? Madereva wako wengi.

Jumanne, 13 Agosti
Mkuu wa polisi yuko sebuleni. Anasema Method hataki kumtaja mtu. Anasema tu si yeye. Baba Asnath anamjibu kwa sauti yake ya mikutano: mke wangu alikuwa garini, alimwona dereva akizima, atakuthibitishia mwenyewe. Chai nimeshawapelekea. Nimeingia chumbani kujifunga kitenge, ndiyo naandika hapa.

Ananiita. Mama Asnath! Anaita tena, sasa kwa upole — upole ambao sijausikia tangu alipokuja kunichumbia kule kwetu Mamba. Mjinga! Hajui anamwita nani. Kitenge nimeshafunga. Na viatu nimevaa vile vya safari, maana huenda wakanipeleka Same mimi. Anaita mara ya tatu. Natoka.