Michezo Mitano Bora ya Mwaka, kama Alivyoipanga Baba

9 Oktoba

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Mimi nipo; moyo wangu unafanya kazi kama mtumishi aliyekwisha andika barua ya kuacha kazi. Daktari hakuzunguka mbuyu: mwaka mpya nisiutegemee sana.

Kila Desemba gazeti lenu huchapa orodha yako ya michezo bora ya video ya mwaka, nami huisoma na kukaa kimya. Mwaka huu nitumie mitano unayoifikiria, niicheze na kuipanga mwenyewe. Muuguzi anayenipima presha ameniazima mashine ya kuichezea. Nilisahihisha mitihani miaka thelathini na minne. Michezo mitano haitanishinda.

Najua hutauliza habari za mdogo wako, kwa hiyo nakupa bila kuulizwa. Fundi hajambo, bado yuko na mabomba yake, na ndiye anayeniogesha.

Nikishamaliza orodha nina jambo la kuungama. Usiniulize kabla.

Baba yako

21 Oktoba

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wewe uliyekuwa ukisema michezo hii ni kazi ya wasio na kazi! Haya, nakutumia mitano. Ukifa humo ndani unaanza upya, kwa hiyo usimwite daktari.

Kuhusu mdogo wangu, unajua sababu. Kazi yangu ya mwaka mzima ilipotea mikononi mwake, siku tisa kabla ya mashindano ya kutengeneza michezo. Hata pole hakusema. Tuliache hilo.

Kunywa dawa zako.

Mwanao

24 Novemba

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi sasa napumzika nikitoka kitandani kwenda kwenye kiti, lakini kazi nimeimaliza.

Wa tano ni ule wa vita. Picha nzuri, ila nimeuawa mara thelathini bila kuelezwa kosa langu. Mwalimu wa namna hiyo ningempeleka kwa mkaguzi. Wa nne ni wa magari. Niliendesha nusu saa nikidhani naongoza, kumbe naelekea nilikotoka. Wa tatu ni wa bustani. Unapumzisha, lakini kila ukipandacho kinaota, na hiyo si bustani, ni kubembelezwa. Wa pili ni wa mama anayetafuta ngazi katika nyumba iliyojaa maji. Huo ulinikosesha hamu ya kula.

Wa kwanza ni ule mdogo uliotengenezwa na mtu mmoja, wa mwanamke anayerekebisha saa za mji mzima. Gurudumu moja lilinikwamisha siku mbili. Kisha nikaona jibu lilikuwa mezani tangu mwanzo. Mtengenezaji aliliweka pale akanisubiri. Nikaacha kucheza. Mtu asiyenijua alikaa siku nyingi akifikiri mimi nitatazama wapi, nitachoka wapi, nitafurahi wapi. Hapo ndipo nilipojua nilifuta nini.

Maana aliyefuta mchezo wako ni mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na saba, umebakiza miezi miwili kabla ya mtihani wa mwisho, nami niliona mashindano yale yanakuiba. Jumamosi mchana, ukiwa shuleni, nilikaa mbele ya kompyuta nikafuta kila kitu, pamoja na disketi ulizoficha nyuma ya vitabu. Kisha nikamwita mdogo wako nikamwambia, “Leo kompyuta ni yako, cheza.” Nilimwita makusudi. Uliporudi ulimkuta pale. Ulimwambia yeye si ndugu yako tena, na mimi nilisimama mlangoni nikasema vyombo hivi huharibika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ulifaulu, nikajipongeza. Lakini hukutengeneza mchezo mwingine. Umebaki kupanga ya wenzako. Na ninyi wawili hamjasalimiana miaka ishirini na sita.

Sikuandikii ili nife vizuri. Nimetaka ujue ningali hai, uweze kunijibu.

Baba yako

15 Desemba

Baba, shikamoo.

Wiki hizi tatu sikutaka kujua kama u mzima. Mwaka huu gazeti halikupata orodha yangu. Kila nikiandika neno “bora”, mkono unasimama.

Leo siwezi kukusamehe, na sitamdanganya mgonjwa. Lakini umekosea mlango. Maneno yale yalimpasa kwanza anayekuogesha. Mwambie kwa kinywa chako, akikutazama. Ukishamwambia, niandikie. Usipomwambia, usiniandikie.

Mwanao

22 Desemba

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Mimi nafika ukingoni. Kalamu imenishinda tangu Jumatatu, kwa hiyo mwandiko huu ni wa mdogo wako. Nimemwagiza aandike kila nitakalosema, hata litakalomchoma.

Andika, Fundi: mimi ndiye niliyefuta kazi ya dada yako. Nilikuita ukae pale ili lawama ipate mtu. Nikanyamaza miaka ishirini na sita, ya mwisho ukinibeba mikononi.

Andika pia kwamba uliweka kalamu chini, ukaenda kusimama uani, ukarudi. Andika ulichoniuliza: “Ulikuwa unanitazamaje tukila?” Andika na jibu langu, kwamba nilikuwa natazama sahani.

Basi. Nimemwambia, na ananitazama.

Baba yenu

Dada,

Baba amelala. Nimemwogesha tu na kumbadilisha shuka.

Sikukuomba radhi siku ile kwa sababu niliogopa. Nilidhani kweli ni mimi, kwamba kuna kitu nilibonyeza. Nimekaa miaka yote hii nikijaribu kukumbuka ni kipi. Ndiyo maana nilikimbilia mabomba. Bomba ukilikosea, maji yanakwambia palepale.

Daktari anasema tuhesabu siku. Chumba cha nyuma nimekufagilia.

Lakini niambie, ule mchezo ulihusu nini? Mimi sikuwahi kuuona. Kila nikichungulia ulikuwa ukinifukuza. Njoo unieleze.

Mdogo wako