Ile Njia Nyembamba ya Baiskeli

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mgongo haukusumbui, na magunia ya huko ghalani hayajakumaliza. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama kikohozi kimempungua, ila sauti ya kugomba iko palepale, na anakusalimu sana. Mdogo wetu wa mwisho ameng'oka jino la mbele na anataka ujue kwamba hakulia, jambo ambalo si kweli.

Mimi nimepata kazi. Dobi wa pale kona amenipa baiskeli yake niwapelekee wateja nguo zilizopigwa pasi. Mashati nayabeba mgongoni ndani ya mfuko wa nailoni yasikunjike, suruali zinakaa kwenye tenga nyuma. Siku ya kwanza sikubisha hodi hata mlango mmoja. Nilisimama nje tu nikisubiri mtu atokee. Dobi alicheka mpaka akaunguza kola ya watu. Akasema nguo hazina mdomo, kwa hiyo lazima mimi niwe nao. Sasa nabisha, ingawa kwa kidole kimoja.

Basi kila siku napita ile njia ya baiskeli iliyochorwa kando ya barabara kuu. Ungeiona ungesikitika. Vigingi vya zege vimevunjwa karibu vyote, na foleni ikishika tu, pikipiki zinamiminika kwetu. Wanatupigia honi masikioni, wanatuambia twende tukaendeshe baiskeli uani kwa mama zetu. Na sisi hatuna adabu. Fundi viatu huendesha katikati makusudi, polepole kama aliyebeba mayai, na akipigiwa honi huuliza kama kuna mtu anajifungua huko nyuma. Wenye pikipiki nao wana lao: wanasema barabara ilikuwa nyembamba tangu zamani, kisha sisi tukakatiwa kipande, wao wakaachwa wabanwe na malori. Nikiwasikiliza, naona hawasemi uongo.

Kaka, ni miezi mitano sasa tangu uondoke, na bado nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba yetu, naacha ninachofanya. Naujua mlio wa ile yako, jinsi ilivyokuwa ikikohoa kabla ya kuzima. Najua pia kwamba mwenye mali alishampa mtu mwingine, yuko nayo mtaa wa mbali. Lakini masikio hayasikii ushauri. Pale barazani ulipokuwa ukiiegesha pana doa la oili. Mama anadeki baraza yote, akifika hapo analizunguka. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Jumanne iliyopita rafiki yako muuza mikate alikuwa mbele yangu kwenye njia ile. Wenzako wawili wa kijiweni wakambana kwa pikipiki zao, mmoja huku mmoja huku, wanamwita msaliti. Hawajaanza leo; tangu uondoke wanamsukuma ukingoni karibu kila asubuhi. Safari hii gurudumu lake likagonga kigingi, akaanguka, mikate ikatawanyika. Mkono umevunjika. Mmoja wao, yule mnayemwita Meja, alisimama, nikadhani anakwenda kumwinua. Kumbe alikuja kunishikia mimi baiskeli, kwa kuwa ni mdogo wako. Akaniambia nisiogope, mimi hakuna atakayenigusa, ila yule mtu watamfunza mpaka aikimbie barabara, kwa sababu ndiye aliyepeleka namba ya pikipiki yako kwa askari wa jiji, ikakamatwa, ukakosa kazi. Nami nikaitikia kwa kichwa, kaka, kana kwamba nakubali.

Si yeye. Ni mimi.

Mwezi ule nilipomaliza mtihani, waendesha baiskeli waligawana karatasi ili wasimame kando ya njia waandike namba za pikipiki zinazoingia. Muuza mikate alikuja kuniomba kwa sababu ya mwandiko wangu. Akanieleza kwamba namba isiyokamilika askari hawaipokei. Nilisimama tangu saa moja asubuhi. Pikipiki zilipita kwa kasi, mimi napata herufi mbili, tarakimu moja, basi. Hadi saa tano karatasi yangu ilikuwa imejaa vipande, hakuna namba nzima hata moja, na wenzangu walikuwa wameshageuza karatasi zao upande wa pili. Niliona aibu.

Ndipo ukaja wewe. Wewe ambaye hukuwa ukiingia njia ile kamwe, uliyekuwa ukiwagombeza wenzako wanaoingia. Uliingia kwa sababu uliniona nimesimama juani. Ukanivika kofia yako, ukaniuliza barua hiyo ya mapenzi naiandika kwa nani, ukacheka peke yako, ukaondoka. Namba yako sikuhitaji kuisoma. Nilikuwa nikiisugua kwa mswaki kila Jumapili. Nikaiandika. Nilijiambia kwamba kweli umeingia, na kwamba katika namba mia hakuna atakayeiona moja. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kurudisha karatasi isiyo na kitu.

Ulipokwenda kummwagia muuza mikate mikate yake matopeni mbele ya watu, ukidhani ndiye aliyekuchongea, mimi nilikuwepo. Yeye ndiye aliyekusanya zile karatasi, na mwandiko wangu anaujua. Alikutazama wewe, akanitazama mimi, akainama kuokota. Jana nilikwenda kumwona, amefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia nitakuandikia. Akasema nisithubutu. Akasema yeye amezoea kununiwa na wewe tangu mlipokuwa watoto mkigombania mpira, lakini mimi sina kaka mwingine.

Ni kweli sina. Ndiyo maana nilinyamaza miezi yote hii, nikihofia kwamba ukijua, hata salamu zako kwa mama hazitanitaja tena. Lakini siwezi kukukumbuka namna hii huku mtu mwingine anavunjwa mkono kwa ajili yangu. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nitakwenda kijiweni niwaambie Meja na wenzake. Leo nimejaribu kuyasema kwa sauti mbele ya mashati yaliyotundikwa kwa dobi, na hata mashati yamenitetemesha.

Sikuombi unisamehe upesi. Naomba umwandikie yeye kwanza, hata mistari miwili. Mimi nitangoja zamu yangu. Na ukikasirika, kasirika, kaka, ila uje ukasirikie hapa nyumbani, nikusikie.

Wasalimie wote unaoishi nao, na ukiwa na mafua usilale bila kujifunika kama kawaida yako.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike.