Mbio Nyuma ya Mikeka

Jumatatu, 3 Februari
Kipindi cha michezo, wasichana wa Kidato cha Pili. Nusu ya darasa kivulini. Huyu tumbo, yule kasahau raba. Uongo mtupu, raba wamezivaa! Shida ni ua wetu wa waya. Barabara iko hapo hapo, na watu wa bodaboda wakiona msichana anakimbia wanasimama kutazama kama fainali. Nilipuliza filimbi, hakuinuka mtu. Na tasnifu yangu ya uzamili ni kuhusu mbio za hao hao. Nimeudhika.

Jumatano, 5 Februari
Msimamizi wangu kapiga simu kutoka chuoni Nairobi. Anataka vipimo vya mbio kabla ya Ramadhani, la sivyo nisubiri mwaka ujao. Ramadhani ni mwisho wa mwezi huu. Nimemwambia mambo yanaenda vizuri. Hakuna kinachoenda.

Jumamosi, 8 Februari
Kikao na kina mama wa wanafunzi. Mwalimu Halima wa sayansi kimu alinitafsiria. Nikahubiri moyo, mapafu, afya. Wawili wakaanza kuongea ya sokoni. Mwishowe nikasema, kwa kukata tamaa, laiti tungekuwa na kitu cha kuziba ule ua. Mama Hodan, muuza maziwa ya ngamia ambaye sauti yake inasikika mtaa mzima wa Galbet, akaruka: "Sasa Maalim, si ungesema hivyo kutoka asubuhi? Kuziba ni kazi yetu." Sikuelewa. Nikaitikia tu.

Jumanne, 11 Februari
Aisee! Wamekuja na fito, kamba na mikeka ile ya nyumba za wafugaji. Huku nyumba ya kuhamahama hujengwa na wanawake, mwanaume anakaa kando. Nilishika fito moja nisaidie, nikafukuzwa. Kufika adhuhuri kiwanja chote kimezibwa, hata paka hachungulii. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimefika na filimbi, saa ya kupimia, karatasi. Mama Hodan kaketi mlangoni. Akauliza naenda wapi. Ndani, nikamjibu. "Ndani kuna wasichana. Wewe si mwanaume?" Nikakubali. "Basi."
Nikamweleza utafiti ni wangu. Wallahi anajua, akasema, tena ananiombea dua.
Yaani nimeomba ukuta mwenyewe, nikafungiwa nje! Hasira zilinipanda. Halafu nikacheka, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Mlangoni hakutoka.

Jumatatu, 17 Februari
Nimemfundisha Halima kupima mbio, kwa chaki, sakafuni mwa ofisi ya walimu. Anasema mwenyewe hajawahi kukimbia hata kumfukuza kuku. Saa aliishika kama yai. Msimamizi amekubali, mradi niandike wazi kwamba aliyepima ni Halima. Naogopa. Akikosea, mwaka wangu umekwenda.

Jumatano, 19 Februari
Siku ya vipimo. Nilikaa nje, mgongo kwenye mkeka, sioni kitu. Filimbi. Vishindo. Halima anafoka kama sajini: "Abaayo, dada yangu, kimbia! Usitembee!" Huyo ni Halima wetu mpole? Na wale wa kuumwa matumbo ndio walioshangilia kuliko wote.
Karatasi zimetoka zimejaa, safi. Nimezikagua mpaka macho yakauma. Nimezituma.

Jumanne, 25 Februari
Amezikubali! Zote! Nimempigia mama yangu Kitui, akapiga vigelegele bila kujua nasomea nini hasa.

Alhamisi, 27 Februari
Mwezi utaandama siku hizi mbili tatu. Upepo kidogo leo, afadhali.
Alasiri nilikwenda kuwaambia kina mama kazi imekwisha, wachukue mikeka yao. Mlangoni hakuna mtu. Wasichana walishakwenda nyumbani, Halima pia. Lakini ndani kulikuwa na vishindo, vizito, na kicheko, na Mama Hodan akihema na kuomba maji.
Nikauliza kwa sauti kuhusu mikeka. Kina mama wakanijibu niiache.
Nikaketi nje, kivulini. Walikimbia mpaka karibu na adhana ya magharibi.