Kizunguzungu cha Elpidius

Kanoni, Karagwe
Machi 1952

Ndugu yangu Rwezaura,

Marahaba, maana najua umekwisha niamkia kabla hujaifungua barua. U hali gani huko Buganda kwenye pamba za watu? Mimi kaka yako ni mzima kama jiwe la kusagia. Juzi nyati alinitazama shambani, akaona haya, akaondoka.

Nikupe habari ya mwanao Elpidius. Ng'ombe wako walikwisha tangulia Isingiro kwa mzee Kahigi, ikabaki siku ya kijana kujionyesha kwa wakwe. Mshenga nilikuwa mimi, nani mwingine? Niliposema, hata kuku walinyamaza. Mwanao akapiga magoti kumtolea mkwe mtungi wa rubisi, akainamisha kichwa, mara akaanguka kama mgomba uliokatwa. Pombe yote mapajani mwa mzee! Akang'ang'ania nyasi zilizotandikwa sakafuni, analia kwamba nyumba inazunguka. Shangazi za binti wakacheka, eti huyu hulewa kwa harufu. Kahigi hakucheka. Alisema haozi binti kwenye kifafa.

Nikampeleka kwa dresa wa dispensari. Akamlaza ghafla, kichwa upande, tukaona macho yanamcheza kama ya mbuzi aliyelewa. Dresa akanieleza, nami nilielewa upesi kwa kuwa nilifika darasa la pili: kinachomsimamisha mtu kimo ndani ya sikio, kikivurugika, ukiinama tu dunia inazunguka. Si kifafa, maana wa kifafa hupotewa na fahamu, na huyu alinijibu kila neno. Kizunguzungu hicho hakirithiwi, na baada ya wiki kadhaa huenda kikaisha chenyewe.

Elpidius alinishika miguu nikamweleze Kahigi hayo, kwa kuwa mzee husikia kinywa cha mshenga tu. Nikaenda. Kahigi akauliza dresa kasemaje. Nikashusha pumzi, nikamwambia hayo hayasemeki, ila mimi mwenyewe hayajanigusa.

Basi ndugu yangu, ng'ombe wakishavuka hawarudishwi, na tangu mke wangu Stephania afariki nalala na baridi. Kemirembe, yule binti wa Kahigi, nimemwoa mimi, Jumamosi iliyopita.

Mwanao amepona kabisa. Niliposema nyumba iezekwe upya kwa ajili ya bibi harusi, alipanda yeye, akasimama juu kabisa bila kushika kitu. Ndipo Kahigi akatokea, ananiletea binti. Alimtazama kijana sana, kisha akanitazama mimi. Kemirembe naye alitazama juu, akalia hadi jioni. Maharusi hulia.

Ila mwandikie Elpidius umwonye. Nimemwamuru amwamkie Kemirembe shikamoo, sasa ni mama yake mkubwa, naye hafungui kinywa.

Shemeji yako anakusalimu. Mungu akulinde.

Kaka yako,
Gaudiosus