Pua ya Baba

Kaka,

Sisi wazima, ila pua ya Baba imegoma. Hivi harufu ikipotea huenda wapi? Mtu aliyekuwa akiikamata thina iliyochakachuliwa kwa kunusa kifuniko tu, juzi kazimua vanishi ya kabati la mteja kwa mafuta ya taa akidhani ni thina. Mpaka leo halijakauka! Sasa Mama, aliyekuwa akimfukuza sebuleni kwa kunuka karakana, ndiye anayemnusia makopo. Wanacheka kama maharusi.

Jana Baba aliniletea shati lako la kazi, lile uliloliacha ulipoondoka. "Bado linanuka thina?"

"Linanuka, Baba."

Kaka, linanuka kabati la nguo tu. Njoo kabla hajamuuliza Mama. Yule hajui kudanganya.

Mdogo wako,
mshika brashi yako